Nukta, Uzi na Kabati la Direkta

Jumamosi iliyopita walimu wawili vijana walinitembelea hapa kwangu Kabiro, Kawangware, Faith na Dennis. Wote wawili wanafundisha hesabu Gatwekera, kule Kibra, kwenye shule ile ile iliyonifukuza mimi. Walikuja na mkate na maziwa, wakakaa kwa adabu, wakanisifu mpaka nikaanza kuwashuku. Halafu Faith akatoa lililowaleta.

"Mwalimu Nafula, tumeskia wewe ndio ulianzisha ile kitu ya uzi. Tunataka utufunze. Direkta anasema tuko na wageni wanakuja, na wanataka kuona vile tunafunza jiometri bila vifaa."

Bila vifaa! Na Direkta, mwenye shule, ni yule yule wa enzi zangu! Nilipaliwa na chai, Dennis akainuka kunipiga mgongo, nikamwambia akae chini kabla sijampiga yeye. Niliwaambia warudi Jumamosi ijayo. Wiki nzima nimekuwa nikiandika haya, kwa ajili yao na kwa ajili yenu wote mnaotoka chuoni na vyeti vipya, mkidhani nukta, mstari na pembe ni somo jepesi la kufundishwa kabla ya chai ya saa nne. Nitaruka huku na kule. Nina hasira, na nikiwa na hasira huwa siwezi kupanga foleni.

Tuanze na nukta, maana hapo ndipo wengi wenu mnaharibu. Mnaingia darasani, mnabonyeza chaki ubaoni mpaka inavunjika, mnageuka na kusema, "Hii ni nukta." Watoto wanachora madoa kwenye madaftari yao, kila mmoja anashindana na mwenzake kunenepesha lake. Ukiwauliza nukta ina ukubwa gani, mmoja anasema kama harage, mwingine anasema kama kichwa cha msumari, na wewe unatikisa kichwa kukubali kwa sababu kengele imekaribia. Umekwisha kuwapoteza, na hujafika hata kwenye mstari.

Najua kwa sababu mimi mwenyewe nilianza hivyo. Wakati huo shule yetu ilikuwa na mwalimu mzee, Mwalimu Rajab, Mnubi wa hapo hapo Kibra. Babu yake alikuwa mmoja wa wale askari Wanubi wa zamani, na yeye alitembea kwenye matope ya Gatwekera akiwa na shati lililopigwa pasi na kofia nyeupe isiyopata doa, sijui kwa uganga gani. Alisimama mlangoni pangu, akatazama ubao wangu kwa muda.

"Binti," akasema, "umechora yai."

Darasa lote likacheka. Nilitaka kumwambia aende darasani kwake, lakini aliingia bila kukaribishwa na kuwaomba watoto watazame juu. Paa letu lilikuwa la mabati yaliyowahi kuezeka nyumba nyingine kabla yetu, kwa hiyo lilijaa matundu ya misumari ya zamani. Jua lilipitia kwenye tundu moja na kuangusha kitone cha mwanga sakafuni. Mwalimu Rajab alichukua chaki yangu, akaweka alama ndogo sana pale mwanga ulipotua, kisha akaendelea na hadithi nyingine kabisa, kuhusu mbuzi wa jirani yake. Alipomaliza hadithi, kitone cha mwanga kilikuwa kimehama.

"Nukta imetoroka!" watoto wakapiga kelele.

"Haijatoroka," akasema. "Kilichotoroka ni mwanga. Nukta ni pale. Hata ukifuta chaki, ni pale. Nukta si kitu, nukta ni mahali."

Vijana, hilo ndilo la kwanza. Usimwambie mtoto nukta ni kidoa, mwambie ni mahali. Mtoto wa Gatwekera analielewa haraka kuliko mtoto wa mtaa wenye majina ya barabara, kwa sababu kila siku anaelekeza wageni kwa mahali tu: pale kwa mama wa samaki, ukipita bomba lililopasuka, mlango wa buluu. Hana namba ya nyumba. Ana nukta.

Na vumbi likiwa hewani, ule mwanga unaoshuka kutoka tundu la msumari unaonekana wote, umenyooka. Hapo mwale unajifundisha wenyewe. Unaanzia mahali pamoja na kwenda mbele bila kusimama. Mwaka ambao shule ilipata mabati mapya, kila mtu alifurahi isipokuwa mimi. Nililazimika kutoboa moja kwa siri nikitumia msumari na jiwe, na mvua iliponyesha nikajifanya sijui yale maji yanatoka wapi.

Sasa uzi. Uzi niliutoa kwenye nywele. Wasichana wangu walikuwa wakisukana wakati wa mapumziko kwa uzi ule mweusi wa duka, na siku moja nilichukua uzi mmoja kwa hasira kwa sababu walikuwa wakisukana hata baada ya kengele. Nikausugua kwa chaki mpaka ukawa mweupe, nikawapa wasichana wawili washike ncha, wakauvuta ukakazika juu ya sakafu ya saruji. Nikauinua katikati kwa vidole viwili na kuuachia. Pa! Mstari mnyoofu kabisa ukabaki sakafuni. Walipiga makofi kana kwamba nimetoa njiwa kwenye kofia. Lakini msiishie hapo, maana hapo ni mchezo tu. Waulize: mstari unaisha wapi?

"Hapo uzi imeisha, Mwalimu."

"Uzi umeisha. Mstari je?"

Wakafikiri. Kisha msichana mmoja, Atieno, akasema, "Inaendelea. Inapita kwa mlango."

Basi wote wakaufuata kwa midomo. Unapita kwa kina Brayo, mwenzao, unapita ndani ya choo cha plot, kile cha wapangaji wote, unavuka mto, unapita reli, unaingia Lang'ata, hakuna askari wa geti wa kuuzuia. Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye madawati. Siku hiyo walijua tofauti ya mstari usio na mwisho na kipande cha mstari chenye ncha mbili, na hakuna aliyeisahau, kwa sababu ya kile choo.

Kosa langu la kuwatoa nje nalo mlijue, lisije likawapata. Niliona sakafu ni ndogo, nikawapeleka kwenye kichochoro nyuma ya shule, tukapigilia vijiti viwili, tukavuta uzi mrefu, mtoto mmoja akawa anaweka alama za chaki kwenye kuta. Hatukumaliza mstari wa pili. Mama mmoja alichungulia, akaona uzi, akaona chaki ukutani mwake, akapiga ukemi. Kufumba na kufumbua magodoro yalikuwa nje. Mtu alitoka amebeba televisheni kifuani. Watu walikuwa wakipiga kelele kwamba barabara imekuja, kwamba wanapima, kwamba wameshaweka iksi za kubomoa nyumba. Mwalimu Rajab alizunguka na kofia yake akisema, "Ni hesabu tu! Ni watoto!" na hakuna aliyemsikiliza mpaka walipoona wanaovuta uzi ni watoto wao wenyewe.

Yule mama aliniambia huku akirudisha godoro, akihema, "Mwalimu, hapa kwetu mtu akivuta uzi, tunahama. Funzia hao watoto ndani."

Nikaomba msamaha, na nilimaanisha. Lakini usiku ule sikukasirikia uzi wala yule mama. Nilikasirikia waliofanya mstari mnyoofu uwe kitu cha kutorosha watu majumbani mwao. Bado nimekasirika. Ukifundisha jiometri Kibra, jua kwamba wazazi wa watoto wako walikutana na jiometri kabla yako, na ilikuja na tingatinga.

Pembe nayo ina ugonjwa wake. Mtoto anadhani pembe yenye mikono mirefu ndiyo kubwa. Brayo, niliyekwisha kumtaja, aliniambia pembe ya mlango wa kanisa lao ni kubwa kuliko ya mlango wa darasa, "juu mlango ya kanisa ni kubwa, Mwalimu, hata unaona." Usibishane na mtoto kama huyo kwa maneno. Fungua mlango wa darasa kidogo. Fungua dirisha kiasi hicho hicho. Mwambie aingize mkono pale penye bawaba. Pembe ni kiasi cha kufunguka, basi. Ukubwa wa mlango ni shida ya fundi.

Na pembe mraba hamhitaji kuinunua. Chukua karatasi yoyote, hata pakiti ya unga iliyopasuliwa vibaya, isiyo na upande hata mmoja ulionyooka. Ikunje mara moja, umepata mstari. Ikunje tena ili ule mstari ujilalie wenyewe, na kona uliyopata ni pembe mraba safi. Niliwatuma nyumbani na kona hizo za unga wakatafute pembe mraba Gatwekera. Walirudi kesho yake wamevunjika moyo. Mlango hapana, meza hapana, kitanda hapana. Spika ya kanisa ndiyo, pembe zote. Atieno akasema, "Mwalimu, nyumba yetu haina hata moja. Mimi nikimaliza shule nitachora plan ya nyumba iko na kona zote."

Basi huyo ndiye Atieno. Ni kwa ajili yake ninaandika hasira hii yote, kwa hiyo nimweleze vizuri. Mama yake alikuwa mpishi wa shule yetu, yule aliyewapikia watoto githeri. Atieno alikuwa na tabia ya kuinamisha kichwa upande mmoja akiuliza swali, na maswali yake yalinichosha kwa namna ninayoitamani mpaka leo. Aliwahi kuniuliza, "Kama nukta haina size, zikijipanga zinatoa aje line?" Nilimwambia sijui kujibu vizuri, aendelee kuniuliza. Aliniuliza kila muhula.

Alikuwa darasa la nane mwaka huo. Mtihani wa mwisho wa zamani, mnaoukumbuka kutoka kwa dada zenu, haukukosa swali la kuchora kwa rula na kompasi. Chora pembetatu hii, chora duara linalopita kwenye kona zake zote, pima, chagua jibu. Uzi haufai hapo. Uzi ni wa sakafu na ubao. Kwenye karatasi ya mtihani unahitaji kompasi mkononi, na mkono uliozoea, kwa sababu kompasi ni kitu kinachoteleza, kinalegea, ncha yake inahama, na mtoto asiyeizoea hutumia nusu ya muda wake kupigana nayo.

Na kompasi tulikuwa nazo! Hilo ndilo linalonichoma. Seti za jiometri zilikuwa ndani ya kabati la chuma ofisini kwa Direkta, kila seti kwenye kibati chake kinachong'aa: kompasi, protrakta, rula, kila kitu. Wageni fulani walizileta kama msaada. Kila wageni wengine walipokuja, Direkta alifungua kabati, akazigawa darasani, watoto wakapigwa picha wamezishika (moja ya Atieno aliitundika ukutani ofisini), wageni wakaenda, na katoni ikapita tena kwenye madawati kuzikusanya. Nilipomwomba ufunguo aliniambia, kwa sauti ya kunihurumia, "Mwalimu, hawa watoto wataharibu. Na wageni wakikuja wapate nini?"

Msome hilo tena. Wageni wakikuja wapate nini.

Sasa ile siku yenyewe. Wageni walikuja mwanzoni mwa muhula wa mwisho. Vibati vikagawanywa, harufu ya rangi mpya ikajaa darasani. Mgeni mmoja, mama mwenye uso mzuri tu, sina neno naye, akaomba mtoto mmoja aonyeshe kuchora duara. Direkta akamchagua Atieno, kwa sababu alijua ndiye hodari. Atieno akafungua kibati chake, akatoa kompasi. Parafujo ilikuwa ngumu, haijawahi kuguswa. Akaivuta, ikafunguka yote kwa ghafla na kumdunga kidole. Akajaribu kuiwekea penseli, haikuingia. Mtu akacheka nyuma. Niliona masikio yake yanavyobadilika rangi. Mtoto aliyejua duara ni nini kuliko watu wazima wote mle ndani, amesimama mbele ya kamera anashindwa na kipande cha chuma kilichofungiwa kabatini mwaka mzima.

Akaiweka chini. Akatia mkono mfukoni, akatoa uzi wake wa nywele, akafunga chaki ncha moja, akamwambia rafiki yake akanyage ncha nyingine, na akachora sakafuni duara kubwa, safi, lililokutana pale pale lilipoanzia.

Wageni walipiga makofi mpaka yule mama akafuta machozi. Kamera zote zikageukia uzi. Na Direkta, ambaye mpaka dakika ile hakujua hata kwamba nafundisha kwa uzi, akafungua mikono kama mhubiri na kusema, "Mnaona? Watoto wetu hawahitaji vitu vingi. Wanahitaji moyo tu."

Uzi wangu niliuleta darasani ili mtoto aelewe kompasi inafanya nini, akiipata aitumie bila woga. Ulipofika kwa Direkta ukawa sababu ya kumnyima. Na waliompigia Atieno makofi hawakuona kwamba kile kidole chake kilikuwa kinatoka damu.

Wageni walikwenda kunywa soda ofisini. Nilijua katoni inakuja. Niliwatazama watoto wangu, kila mmoja na kibati chake kipya mbele yake, na ndipo nilipoelewa kwamba upya wenyewe ndio kufuli. Kibati kipya hupigwa picha. Kibati kilichokwaruzwa jina la mtoto hakimfai Direkta kwa lolote.

"Toeni kompasi," nikasema. "Ile ncha ya chuma. Kila mtu aandike jina lake juu ya kifuniko. Bonyeza sana."

"Sana aje, Mwalimu?"

"Mpaka rangi itoke."

Wakainama, kukawa na sauti ile tu ya chuma juu ya chuma, ikikwaruza, ikikwaruza, kama panya juu ya dari. Wengine waliandika kwa mistari. Atieno, kwa sababu kidole kilimuuma, aliandika kwa nukta, alidunga nukta moja baada ya nyingine mpaka zikatoa A, zikatoa T. Alipoinua kichwa alikuwa anacheka. "Mwalimu, zimejipanga zikatoa line," akasema. Nilicheka pamoja naye. Ndiyo furaha kubwa niliyowahi kupata kazini, na ilidumu mpaka mlango ulipofunguliwa.

Direkta aliingia na katoni. Akachukua kibati cha kwanza, akakitazama. Akachukua cha pili. Akaenda dawati kwa dawati, uso ukivimba.

"Nani amefanya hii?"

"Mimi," nikasema. "Ni vyao. Wameandika majina yao."

"Mwalimu Nafula, unajua wageni wengine wanakuja lini?"

"Sijui. Najua mtihani unakuja lini."

Alinifukuza papo hapo, mbele ya darasa. Mwalimu Rajab, aliyekuwa amestaafu kwa umri lakini bado anakuja kutusaidia, alivua kofia yake, akanifuata nje, na hakurudi tena pale. Watoto walikwenda nyumbani na vibati vyao. Direkta alituma watu kuvidai, na wazazi wakamjibu kwa lugha nisiyoweza kuiandika hapa. Baba yake Brayo alisema tu, "Hii iko na jina ya kijana yangu. Soma."

Lakini mama yake Atieno alikuwa mpishi wa shule. Direkta alimwita jikoni, akafunga mlango, akamwambia achague: kibati au kazi. Na kibati kilikuwa na maana gani mbele ya sufuria iliyokuwa ikiwalisha watu wote nyumbani kwake? Atieno alikirudisha mwenyewe asubuhi iliyofuata. Darasa zima lilibaki na kompasi isipokuwa yeye.

Msiniulize kama najuta kuwaambia waandike majina. Nimeulizwa na watu wa kanisani, nimeulizwa na dada yangu. Hasira yangu inajua nyumba ya kwenda, na si nyumba yangu.

Sikumwona Atieno tena kwa miaka mingi. Nilihamia Kawangware, nikapata shule nyingine, nikafundisha mpaka nikastaafu. Kisha siku moja nilikuwa natafuta wa kunisuka, jirani akanipeleka kwa msusi mmoja Kawangware 46, pale stendi ya matatu, nikaketi, na mikono ikaanza kugawa nywele zangu. Nilihisi ile mistari kichwani, imenyooka, kila mmoja umbali sawa na mwenzake. Nikasema, "Aliyekufundisha kugawa hivi ni nani?"

Mikono ikasimama. "Ni wewe, Mwalimu."

Tulilia pale, mimi nikiwa nimesukwa nusu kichwa. Ndipo aliponisimulia mtihani ule. Aliingia na uzi wake mfukoni, msimamizi akamwambia uzi si kifaa cha mtihani, akauchukua. Akaomba kompasi, mwenzake alikuwa anaitumia. Akachora kwa kifuniko cha chupa, na kifuniko kina ukubwa wake, hakisikilizi kona za pembetatu yako. Akabahatisha jibu. Sitawadanganya kwamba swali moja ndilo lililomfanya akose kuchora nyumba. Mama yake aliugua baadaye, Atieno akaacha shule kidato cha pili, na hayo ni mambo mengine. Lakini alisema jambo ambalo sijaweza kulimeza.

"Mwalimu, ile siku ya wageni, na ile siku ya mtihani, mimi nilijua tu niko mjinga. Watu wote wanafungua hio kitu, mimi siwezi. Miaka yote nimekuwa nikifikiria hivyo."

Atieno! Aliyeniuliza nukta zinajipangaje zikatoa mstari! Walimnyima kitu, kisha wakamwachia yeye aibu ya kukikosa. Ana mtoto sasa, msichana, yuko gredi ya nne, na nilimwona kwa macho yangu akichora duara la kazi ya nyumbani kwa kifuniko cha chupa.

Kwa hiyo sasa Faith na Dennis, narudi kwenu. Mlipokuwa mlangoni mnavaa viatu, Dennis, ulisema neno ukicheka, hukujua umesema nini. Ulisema, "Hata hio kabati bado iko, Mwalimu. Tunatolewanga vibati wageni wakikuja, halafu vinarudi. Iko moja chini kabisa imetobolewa-tobolewa, imeandikwa Atieno. Direkta huwa anairuka tu."

Mimi niliamini kwamba alikitupa. Nilijifariji hivyo, kwamba angalau mtu mwingine alikiokota, akakitumia. Kumbe miaka yote hii kimekaa gizani na kompasi yake ndani, hakifai kwa picha, na hakuna aliyefikiria kumpa mtoto yeyote. Tangu mlipoondoka sijalala vizuri.

Uzi nitawafundisha. Nitawafundisha na karatasi ya unga, na tundu la msumari, na mlango na dirisha, bure, mpaka mchoke. Watoto watavielewa, na mtafurahi. Lakini siku mtakayosikia mtu mwenye ufunguo mfukoni anausifu uzi wenu, acheni kutabasamu. Muulizeni mbele ya wageni, kwa heshima na kwa sauti ya kusikika, kabatini kuna nini. Mnaogopa kufukuzwa, najua. Mimi nilifukuzwa, na niko hapa nakunywa chai.

Nawatumia haya mapema ili Jumamosi mkija, mje na kile kibati cha chini kabisa. Direkta akiuliza ni kwa ruhusa ya nani, mwonyesheni picha iliyo ukutani ofisini kwake, ile ya msichana aliyeinamisha kichwa, ameshika kibati kipya mbele ya wageni. Alipewa. Ushahidi ameutundika mwenyewe. Mkate msilete, mkate ninao.

Atieno atakuwa hapa, ameshawaambia wateja wake kwamba mchana huo hasuki. Atakuja na binti yake. Nimetayarisha meza, karatasi na penseli zilizochongwa vizuri. Parafujo itakuwa imeshika kutu, kwa hiyo nimeweka na mafuta kidogo. Ninyi mtakaa mnyamaze mtazame. Atieno atafungua kibati chake, atachora pembetatu, kisha duara linalopita kwenye kona zote tatu, polepole, mara nyingi atakavyo. Na hakuna mtu atakayepiga picha.